Barua ya Bruno Niliyomficha Kaka

Jumapili, mwezi wa nne. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na kutoka hapa Kihonda milima haionekani kabisa. Nimerudi kutoka Kinole jioni hii, viatu vimejaa tope. Nimekaa mezani na kanga mbichi mabegani, sina hata hamu ya kubadilisha nguo.

Leo nimemwambia kaka yangu jambo nililomficha kwa miaka sita.

Mnaosoma blogu hii mnanijua kama mwalimu wa Kifaransa anayelalamikia madaftari ya kusahihisha. Sijawahi kuandika kwamba kaka yangu Idrisa alikuwa mpiga dramu wa bendi ya roki huko Ufaransa. Majina yote humu nimeyabadili, hata la bendi. Nitaiita Les Tuiles Mouillées, yaani Vigae Vilivyolowa. Kama hukuwahi kuisikia, si kosa lako. Huku kwetu walioijua ni ndugu zetu na majirani wa Mwembesongo, tulikokulia.

Mathilde, mwimbaji wa bendi hiyo, alikuja Uluguru akiwa mwanafunzi, kuchunguza vinyonga. Akishuka mjini, alikwenda kusikiliza bendi ya hotelini ambako Idrisa alikuwa akipiga. Kwao Ufaransa aliimba na rafiki yake Bruno, mpiga gitaa, na binamu wa Bruno alishika besi. Mpiga dramu hawakuwa naye. Mwaka uliofuata wakamwita kaka, naye akaenda.

Walifanyia mazoezi kwenye banda la matrekta la baba yake Bruno. Wakapiga kwenye baa za vijijini, wasikilizaji ishirini, nusu yao wamewapa mgongo. Ikaja albamu ya kwanza, ikaja ya pili, na ghafla wakawa wanajaza viwanja. Nyimbo alitunga Bruno, lakini kilichowatofautisha na bendi nyingine ni mdundo wa Idrisa, ule wa ngoma za kwetu, unaochechemea kama mtu anayeshuka mlima na mkungu wa ndizi kichwani. Alitutumia video za maelfu ya watu wakiruka. Mama aliangalia moja kwenye simu yangu, akauliza, "Huyu dada ana hasira na nani?" Tulicheka mpaka tukatokwa na machozi.

Kilichommaliza kaka ni masikio. Miaka minane nyuma ya dramu, na vipaza sauti ubavuni. Alianza kusikia mlio usiokoma, kama wa nyenje. Akaficha. Kwenye onyesho moja kubwa akapoteza mdundo katikati ya wimbo, wenzake wakasimama, watu wakazomea. Nyuma ya jukwaa Bruno akamwambia amewaaibisha, na kwamba kiziwi hana kazi kwenye bendi.

Wiki mbili baadaye kaka alikuwa Kinole kwenye shamba la marehemu baba, hataki hata redio iwashwe.

Sasa nafika kwangu.

Mwaka huohuo mama alipatwa na kiharusi, akahamia Kinole. Kaka ndiye aliyembeba kumtoa juani na kumrudisha ndani, ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeajiriwa, nina mtoto mchanga. Ikaja barua kwenye sanduku la posta la shule, jina la Idrisa, kupitia kwangu. Nikaifungua.

Ilikuwa ya Bruno. Kurasa tatu za kuomba radhi. Alisema wamepata daktari mzuri wa masikio. Alisema hata kama kaka hawezi kupiga tena, arudi tu wakae watunge pamoja, kwa sababu bila yeye hajui wimbo unaanzia wapi.

Nilijua angekwenda. Na akienda, wa kuacha kazi na kumuuguza mama ningekuwa mimi.

Niliichomeka ndani ya kamusi, nikajiambia nitampa kaka, mama akipata nafuu. Mama hakupata nafuu. Alilala kitandani miaka mitatu, akafariki. Baada ya mazishi nikaona aibu ya kuchelewa, na kadiri nilivyoona aibu ndivyo nilivyozidi kuchelewa.

Bendi nayo haikungoja. Wakachukua mpiga dramu mwingine, wakatoa albamu mbili ambazo hazikuvuma. Kutoka viwanjani wakarudi kwenye kumbi, kutoka kwenye kumbi wakarudi kwenye zilezile baa. Nilikuwa nawafuatilia mtandaoni kimyakimya. Kila tangazo la onyesho dogo zaidi lilinichoma.

Ijumaa Mathilde akaniandikia. Bruno amefariki kwa saratani. Bendi imekwisha. "Alimngoja Idrisa ajibu," aliandika. "Tulielewa kwamba hakutusamehe."

Leo nikapanda bodaboda hadi Kinole. Nilimkuta kaka barazani akibandua magome ya mdalasini na mkewe, Mwajuma, aliyemwoa baada ya msiba wa mama. Majirani wawili walikuwa wamejikinga mvua hapo hapo. Nikamwamkia, akaitikia akiangalia midomo yangu. Nikakaa kulia kwake, upande ambao bado unasikia kidogo, nikamwambia Bruno hayupo tena.

Akaweka kisu chini.

"Hakuniandikia hata mstari mmoja," akasema.

Nikasema, kwa sauti ya chini, kwamba aliandika.

"Sikusikii, Zuhura. Mvua hii. Pandisha sauti."

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kuungama taratibu. Ikabidi nipige kelele.

"Aliandika, kaka! Alikuomba radhi! Alikuita urudi! Barua niliificha mimi, ili ubaki na mama!"

Majirani wakasikia. Mwajuma akainamisha kichwa.

Kaka akanyoosha mkono, nikampa barua. Akasoma kurasa zote tatu, ya mwisho akairudia. Sikumwona akilia hata siku tuliyomzika mama. Leo machozi yalimshuka mpaka kwenye ndevu, wala hakuyafuta.

Nilitamani anitukane.

"Mama nisingemwacha," akasema mwishowe. "Ningemjibu Bruno kwamba yamekwisha, nikabaki hapahapa. Wewe hukuniuliza."

Miaka sita nimejitetea kwamba angalau nilimpatia mama mwanawe. Kumbe mama alikuwa naye tayari. Nilichofanya ni kumnyima Bruno jibu.

"Mwandikie Mathilde kwamba barua haikunifikia," kaka akaendelea. "Sababu usiitaje. Na wewe kaa huko mjini kwanza. Nikiwa tayari nitakuita."

Mwajuma alinisindikiza hadi barabarani, amenishika mkono.

Nilipofika hapa nilianza kumwandikia Mathilde ukweli wote. Nikahisi kifua kinapungua uzito, na hapo ndipo nilipojishtukia kwamba naungama ili nipumue mimi. Nikafuta. Nimeandika kama kaka alivyoniagiza: barua haikumfikia, leo ameisoma, amelia. Nimetuma.

Kesho nina kipindi cha kwanza, kidato cha pili. Nitafundisha, nitarudi, nitapika. Kinole siendi mpaka niitwe. Na nisipoitwa, nitaendelea kungoja, kama Bruno alivyongoja.