Insha ya Mfano

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limepata nafuu? Huku paa la darasa linavuja, tunafundisha hivyo hivyo.

Niliwaambia wanafunzi waandike maisha yao, wakanikodolea macho. Basi nikawasomea yangu kama mfano, na ili yawaguse, nikasema ulifariki nikiwa mdogo. Darasa zima lililia. Jana msichana mmoja akarudisha karatasi tupu. "Mwalimu, mimi mama yangu yuko hai. Sasa niandike nini?"

Nilikosa pa kuuficha uso.

Ijumaa ukija kuniona nikifundisha, nilitaka nikuombe ujifanye mama mdogo. Hapana. Kaa mbele, Mama. Nitawaeleza mwenyewe, huku unanitazama.

Ni mimi kitindamimba wako, ninayekuombea maisha marefu.