Chelewa ya Uzi Mwekundu

Baba yangu uliyeko Mkokotoni,

Shikamoo. Skuli tumefundishwa kwamba barua huanza kwa kusema kuwa sote tu wazima na hofu ni juu yako wewe tu. Nimejaribu kuandika hivyo, nikakata, nikajaribu tena, nikakata. Sisi si wazima sote. Seif ameng'oka ukucha wa dole gumba la mguu wa kulia, na hofu yangu haiko juu yako. Barua hii nitampa utingo wa gari la shamba, yule yule aliyetuletea kifurushi chako, na bahasha sitaitia gundi. Akitaka kuisoma njiani, aisome. Akitaka kuwasomea abiria, awasomee.

Unanijua kwamba mimi si mtu wa maneno. Wageni wakija nyumbani nilikuwa nikijibanza nyuma ya mlango na kitabu changu, nawe ukiwaambia, "Mwacheni Maalim wangu, anatafuta ilimu." Jina la Maalim ulinipa wewe, na mtaa mzima wa Kajificheni ukalichukua. Basi leo Maalim anasema kwa kalamu, maana kwa mdomo nisingeweza.

Nakumbuka kumi la mwisho la Ramadhani, kila mwaka, ulivyokuwa ukituita barazani baada ya kufuturu. Ulichomoa chelewa mbili kwenye ufagio wa Mama, naye akilalamika kwamba ufagio wake hukondeshwa na Idi na si na uchafu. Tulisimama wima. Uliipitisha chelewa chini ya unyayo, kutoka kisigino mpaka ncha ya dole gumba, ukaikata kwa ukucha wako. Yangu uliifunga uzi mweusi, ya Seif uzi mwekundu, kisha ukazichomeka zote mbili kwenye upindo wa kofia yako. Siku hizo ulionekana Darajani na vijiti viwili vimetokeza juu ya sikio, na watu walijua: Bwana huyu ana watoto wawili wa kiume, anawatafutia viatu vya Sikukuu.

Watu wa shamba hununua kwa chelewa kwa sababu mtoto yuko mbali. Wewe ulikuwa nayo kwa kuchagulia tu. Ulipokwisha kuona kiatu kinachokaribia kipimo, ulirudi nyumbani kutuchukua. Tena ulituchukua alasiri, baada ya kutuzungusha kwanza mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, kwa sababu mguu wa asubuhi, ulisema, ni mguu wa uongo, haujatanuka.

Mwaka ule uliponinunulia raba zangu za kwanza nilikuwa na umri alionao Seif sasa. Mzee mwenye duka aliutazama mguu wangu akauliza, "Huu mguu au kasia?" Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ulicheka, ukamwambia alete kasia la pili tulinganishe. Kisha uliikunja soli mpaka ncha ikagusa kisigino, ukaiachia uone kama itarudi. Ulinusa mpira. Ulitia kidole nyuma ya kisigino changu kupima nafasi. Fulana uliigeuza ndani nje, ukatazama mshono wa kwapani, ukasema mtoto anayekimbia huchubuka hapo kabla ya mahali pengine popote. Kaptura uliivuta mapajani kwa mikono miwili mpaka mzee akakuomba umhurumie.

Nilikwambia kiatu hakinibani. Ulinitaka nitembee mpaka mlangoni na kurudi, na muda wote ulinitazama usoni, miguu hukuitazama hata mara moja. Kisha ukavirudisha, ukaomba vikubwa zaidi. Njiani nilikuuliza ulijuaje.

"Mtoto humuulizi kama kinabana, Maalim," uliniambia. "Mtoto anayetaka kiatu atakwambia hakibani. Mtazame uso."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, Baba, na sijakuta ndani yake maneno niliyoyaamini kama hayo.

Uliondoka muda mfupi baada ya Idi ya mwisho uliyotununulia viatu. Ulisema unakwenda Mkokotoni kununua samaki wa ng'onda na utarudi Ijumaa. Ulivaa kofia yako ya kila siku, na chelewa bado zilikuwamo kwenye upindo, hukuwa umezitoa. Habari ya ndoa yako ililetwa na mchuuzi wa samaki mlangoni, Mama akiwa na mizani mkononi. Alimaliza kupima, akamlipa, akaingia ndani. Tangu hapo ni mwaka wa tatu. Mama hukumpa talaka wala hukuja. Umetuletea samaki, umetuletea salamu, mara moja ulituletea fenesi. Gari linakwenda na kurudi kila siku ya Mungu, na wewe huna ugonjwa wa kupanda gari.

Seif hakuuliza sana. Yeye alikimbia. Nadhani hilo hulijui, kwa sababu ulimwacha akiwa bado anashika ukuta akishuka ngazi. Siku hizi watoto wa Kajificheni hawakubali tena kushindana naye mpaka awaachie waanze mbele. Anakimbia miguu mitupu, kimya kama paka, na kichwa chake hakitikisiki. Skuli wakamchagua kwa mbio za watoto wadogo Mnazi Mmoja. Ila mwaka huu, kwa ajili ya wageni watakaokaa chini ya turubali, mwalimu wa michezo alisema kila mkimbiaji avae nyeupe, raba, kaptura na fulana. Asiyekuwa navyo hatakimbia.

Mama alisema atauza kofia aliyokuwa akiishona. Seif akakataa. Alisema viatu huchagua Baba. Akamtuma utingo, naye utingo akarudi na jawabu lako mbele ya watu wote kituoni: "Mwambie bingwa wangu nnamletea mwenyewe."

Basi tulishughulikia mengine. Mama alitoa sandukuni suruali yako ya drili nyeupe uliyoiacha, akaikata magotini, akaipunguza kiuno, ikawa kaptura. Seif aliivaa akajitazama kiooni, akasema, "Sasa Baba atakimbia na mimi." Fulana nilimchagulia mimi. Niliigeuza ndani nje, nikatazama mshono wa kwapani. Mwenye duka alidhani natafuta tundu.

Siku ya kuja kwako Seif alikaa barazani tangu adhuhuri. Sitakueleza alivyokaa. Lilipoingia gari, alishuka utingo na kifurushi. Alisema una shughuli, na unatusalimu.

Raba zilikuwa nzuri. Soli ilikunjika na kurudi, mpira ulinukia upya. Ulichagua kwa ufundi wako wote. Seif alitia mkono ndani ya kiatu cha kulia akatoa kijiti, akanipa bila kukitazama, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kufungua kamba. Ilikuwa chelewa, na uzi wake mwekundu ulikwishafifia ukawa kama rangi ya unyayo wa mtoto. Nilikitambua hata kabla ya kukigeuza. Mama naye alikitambua. Alikishika kidogo, akakilaza kwenye kiganja, akasema, "Babaako mtunzaji," kisha akarudi jikoni.

Miaka mitatu, Baba. Ulikitunza kijiti, na ukadhani kwamba mguu nao umekungoja pale pale ulipouacha.

Seif alikaa chini akavivuta mpaka vikaingia. Nilimwambia vidogo, akasema havibani. Nilimwambia tutakwenda kubadilisha, akasema havibani. Usiku huo alilala navyo chini ya mto ili nisivichukue. Asubuhi ya mbio nilimwambia kwamba mwalimu atamruhusu akimbie miguu mitupu nikimwomba, nami ningemwomba, ijapokuwa unajua kumwendea mwalimu mbele ya watu ni jambo gani kwangu. Akanitazama kama adui.

"Hivi kachagua Baba," alisema. "Wewe umechagua fulana tu."

Firimbi ilipolia, alitoka mbele ya wote. Nusu ya kwanza alikuwa peke yake, nami nilisimama bila kujijua, kitabu kikaanguka. Halafu nikaona kichwa chake kinatikisika. Akaanza kukanyaga kwa visigino. Wakampita mmoja mmoja, na kijana mmoja wa Malindi karibu yangu akapaza sauti, "Wewe, unakimbia au unacheza ngoma ya msewe?" Watu wakacheka, na turubalini pia wakacheka, bila kujua kilichosemwa. Alimaliza wa mwisho. Hakukaa, hakulia. Alitembea mpaka nilipokuwa, na uso wake ndio ule ulionifundisha kuusoma. Kwenye ncha ya raba nyeupe kulikuwa na doa linalokua.

Alisema hivi tu: "Usimwambie Baba."

Aliniomba, nami nakwambia. Hilo nitajibizana naye mwenyewe akikua.

Mama aliuza kofia. Ni ile ya viua, ya matundu ya sindano, uliyomwomba akushonee kabla hujaondoka. Alikuwa akiishona bado. Alasiri ya siku ya pili yake, kidole chake kikiwa kimefungwa kitambaa, nilimpeleka Seif Darajani kwa mzee yule yule, kwa sababu hakuna duka jingine ninalojua kuingia bila kuona haya. Nilichukua na zile za zamani, nikitaraji pengine atazipokea. Mzee alizigeuza, akaona doa, akatikisa kichwa. Kisha akazitazama tena.

"Hizi nimemuuzia babaako mwenyewe," alisema. "Wiki iliyopita alisimama hapo uliposimama wewe, na kijiti chake. Nikamwambia, Bwana, kijiti hiki kikongwe, mlete mtoto nimvalishe. Kasema haiwezekani, mtoto yuko mbali."

Kutoka mlango wa duka lile mpaka baraza letu, adhana moja huwatosha wote. Siku hiyo Seif alikuwa barazani au mtaani, na mguu wake ulikuwa ukikanyaga udongo ule ule uliokanyaga wewe. Ukanunua, ukapanda gari na viatu mpaka Mkokotoni, ukampa utingo akavirudisha mjini. Viatu vilikwenda safari mbili ili wewe usitembee vichochoro vitatu vinne.

Nilimtazama Seif. Alikuwa akiutazama mguu wake uliofungwa. Akamwambia mzee, kwa upole kama anayemtetea mtu mgonjwa, "Mkokotoni mbali kweli." Mzee akageuka haraka kutafuta sanduku, akakaa nyuma ya pazia kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutafuta sanduku.

Nilimchagulia mimi. Ilikuwa alasiri na tulikuwa tumekwishazunguka mpaka Mnazi Mmoja. Nilikunja soli, nikanusa, nikatia kidole kisigino. Za kwanza alisema hazibani. Nilimwambia atembee mpaka mlangoni na kurudi, nikamtazama usoni, nikaomba kubwa zaidi.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini usiku alikuja na chelewa aliyoichomoa mwenyewe kwenye ufagio, pamoja na uzi mwekundu wa Mama, akasimama wima mbele yangu na mguu ule wenye kitambaa. Alitaka nimpime, niifunge, nimpe utingo akuletee, ili mara nyingine usikosee. Alisema hukukosea kwa kutaka. Kipimo ndicho kilichokuwa kibaya.

Nilimpima. Niliikata kwa ukucha, kama wewe. Niliifunga uzi. Kisha nilimwambia nitaipeleka, akalala.

Hutaiona ndani ya bahasha hii, hata ukiitikisa. Nimeiweka kati ya kurasa za kitabu changu, na itakaa humo. Ile ya zamani ndiyo ninayokurudishia, kwa kuwa ni yako: ndiyo mtoto uliyekuwa ukimtunza. Viatu vyangu mimi usinunue. Uzi mweusi, kama bado unao, uutupe. Na Seif ukitaka kumnunulia kitu chochote cha kuvaa, chelewa haitakusaidia, ndefu wala fupi. Chelewa haina uso. Njoo alasiri, umzungushe kwanza mpaka Mnazi Mmoja, kisha usimuulize lolote. Ukimtazama utaona mwenyewe kinachombana.

Mimi mwanao mkubwa,
uliyekuwa ukimwita Maalim.