Mtandao Haukuzimika, Baba Mdogo Akapoteza Kazi

Dada mshauri, pole na kazi, na unisamehe kwa kukuletea mzigo ambao ningepaswa kuutua nyumbani kwetu, ila nyumbani ndiko hasa ninakoshindwa kufungua mdomo, kwa hiyo nimeona nikuandikie wewe usiyenijua sura.

Mimi ni mhandisi katika kampuni inayosambaza simu na intaneti kwa antena, zile unazoziona juu ya mapaa na kwenye minara, na kazi hii niliipenda kwa sababu ya baba mdogo, ambaye alinichukua baba yangu alipofariki nikiwa sijaanza shule, akanilea yeye na mama mdogo kama mtoto waliyemzaa. Yeye alikuwa fundi wa kampuni hiyo hiyo, na nimekua nikimwona akiinuka mezani chakula kikiwa bado cha moto kwa sababu seva ya mahali fulani imekufa.

Nikueleze kidogo ili unielewe. Kila kundi la antena lilikuwa na seva yake, yaani kompyuta kubwa inayoziambia la kufanya, na seva hiyo ikifa antena zote zinabaki nzima lakini zimesimama kama miti ya kuanikia nguo, na mtaa mzima hauna mtandao mpaka fundi afike. Mimi nikabuni njia nyingine, kwamba kazi ya kila seva tuitoe kwenye mashine yake na kuifanya seva pepe, ambayo ni programu tu inayojifanya kompyuta, haina mwili wake na haijali inalala kwenye mashine ipi, halafu mashine zenyewe tuziweke katika majengo mawili, moja ikizimika seva pepe inaamka kwenye nyingine na antena hazina habari. Nilihangaika nayo muda mrefu, na baba mdogo ndiye aliyekuwa ananisikiliza jioni, ananisimulia namna seva zinavyokufa, za joto, za vumbi, za umeme kuyumba, na mimi ninarudi kazini nikijua la kurekebisha.

Siku moja, mfumo wangu ukiwa umeshaanza kutumika, bomba likapasuka ghorofa ya juu, maji yakashuka kwenye chumba cha mashine, karibu zote zikafa mchana kweupe watu wako kazini, na mimi nimekaa mbele ya kioo cha kompyuta nikiangalia seva pepe zikiamka moja moja kwenye jengo la pili, wala hakuna mteja aliyelalamika. Baba mdogo alinipigia kutoka kituoni kwake akaniuliza, "Mama, nasikia huko kwenu mmefurika. Mbona huku hakuna hata taa iliyobadilika rangi?" Halafu akacheka, akapenga kamasi, na nilijua analia.

Sasa ndipo nilipoharibu. Kwenye kikao cha kunipongeza, wakubwa wote wapo, mkurugenzi akaniuliza, kama kwa utani, iwapo wale mafundi wa vituoni bado wanahitajika. Dada, jibu nilikuwa nalo. Nilichobuni kinaokoa seva, basi. Antena ikipindwa na upepo, waya ukitafunwa na panya, betri ikichoka, hakuna programu inayopanda ngazi. Lakini nilikuwa nimezungukwa na nyuso zinazonitabasamia, na sikutaka kuwa mtu wa kusema "lakini" siku yangu ya sifa, nikajibu, "Kwa kweli hitaji limepungua sana." Kisha nikanywa maji.

Haukupita muda kitengo kizima kikafungwa. Baba mdogo alirudi na sanduku lake la vifaa, akaliweka nyuma ya mlango, na nilipokwenda kumwona akaniambia, "Najua ulinitetea mpaka ukachoka. Usijisumbue zaidi, wakubwa wakishaamua wameamua." Nikasema asante, baba. Uongo wenyewe sikuutunga mimi, niliuitikia tu, na tangu hapo ninauitikia kila anapousema mbele ya wageni.

Wiki iliyopita upepo uliinamisha antena iliyo juu ya maktaba ya mtaani kwao, mtandao ukapotea, na mafundi wa mkataba ambao kampuni inawakodi siku hizi wakasema watafika wakimaliza kazi nyingine. Baba mdogo akamwomba mlinzi wa maktaba amfungulie, wanafahamiana, akapanda bila mkanda wa usalama kwa kuwa mkanda ulikuwa wa kampuni na aliurudisha. Antena akainyoosha. Wakati wa kushuka akateleza, akavunjika mkono. Alinipigia yeye mwenyewe kutoka hospitali: "Usiwe na wasiwasi, mama, iko sawa. Watu walishaanza kusema mtambo wako mpya ni mbovu, nikaona siwezi kuvumilia."

Mama mdogo sasa ananisihi nimpeleke baba mdogo kwa mkurugenzi tukaombe arudishwe kazini, na mwenyewe amekubali twende pamoja plasta ikitolewa, na ninaogopa mkurugenzi atashangaa mbele yake na kusema mbona ni wewe uliyetuambia. Halafu wanataka kunipa ukuu wa idara. Je, nimwambie, na nimnyang'anye kitu pekee anachojivunia, au nitafute njia ya kumsaidia kimyakimya abaki na amani yake?

Ni mimi, Binti wa Fundi.

MSHAURI ANAJIBU

Binti wa Fundi, nimeisoma barua yako mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza nilikasirika.

Pole. Najua unampenda, na najua hukukaa ukapanga kumwangusha. Ulikuwa na nafasi ya sentensi moja na ukaitumia kujipendezesha. Wengi tumefanya hivyo. Lakini usinibabaishe na habari ya amani yake. Mzee ana mkono kwenye plasta kwa kulinda jina lako. Amani unayoitaka ibaki ni yako.

Unafikiri anajivunia kwamba ulimtetea. Soma tena ulichoniandikia. Alilia kwenye simu kabla hajahitaji mtetezi, alilia kwa sababu kazi yako ilifanya kazi. Hiyo hutaiondoa kwa kusema kweli. Utaondoa kitu kingine, na kitauma, sitakudanganya.

Sasa fanya hivi. Nenda kwake kabla plasta haijatolewa, peke yako, siku ambayo hakuna wageni, wala usimtangulize mama mdogo akakulainishie njia. Mwambie mkurugenzi aliuliza nini na wewe ulijibu nini, maneno yale yale, usiongeze kwamba walikubana wala kwamba uliteleza. Na usilie kwanza. Mtu wa aina yake ukilia ataacha maumivu yake aanze kukubembeleza, na utakuwa umemchukulia hata hilo.

Ukitoka hapo, mwandikie mkurugenzi lile jibu ulilolimeza: seva zinaweza kubebana, antena haziwezi. Weka saini yako. Eleza habari ya antena ya maktaba, na useme wazi mtu ameumia kwa kazi ambayo kampuni ilisema haipo tena. Wala usiandike kwa ajili ya baba mdogo tu. Katika barua nzima hukutaja fundi mwingine hata mmoja, na nao walirudi nyumbani na masanduku yao. Kosa lao ni kwamba hawakukulea.

Cheo usikipokee mpaka barua hiyo isomwe. Wakikiondoa, kiache kiende. Ulichobuni ni kitu kizuri na kitabaki kizuri, usikichukie kwa sababu ya kinywa chako.

Usimwahidi kurudishwa kazini. Huenda wasimrudishe, huenda hata yeye asitake tena. Huenda akakaa muda asikuite mama. Wewe nenda hivyo hivyo, umtilie maji ya kuoga kwenye ndoo kama mkono haujapona, ukae, uondoke.

Na akikuuliza kwa nini, usimtafutie sababu nzuri. Mwambie ulipenda kusifiwa. Atakuelewa upesi kuliko unavyodhani, maana yeye ndiye mtu wa kwanza aliyekusifu. Na hapo ndipo patakapomuuma.