Vangel Drumev, Abiria wa Basi la Saa Kumi na Mbili

Mwaka umetimia, Vangel, tangu utuache ile Jumatano ya theluji, na bado tunaamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili yako. Mkeo Rumena huwasha jiko, hutoa vikombe viwili, kisha hurudisha kimoja kabatini.

Ulikuwa seremala miaka arobaini. Nusu ya madirisha ya kijiji hiki yalitoka mikononi mwako, na hakuna mjane uliyemwacha na mlango unaogoma kufungika. Figo zilipokataa kazi hukulalamika. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ulipanda basi la asubuhi kwenda mjini kusafishwa damu, na mfukoni ulimbebea dereva Stamen kipande cha banitsa, ule mkate wa tabaka za jibini, ukiwa bado wa moto.

Lilikuwa basi la aibu, tuseme kweli. Lilivuja, kipasha joto chake kilifanya kazi mwezi wa Mei tu, na siti ya tatu ilikuwa ubao uliougongomea wewe mwenyewe. Lakini lilikuja.

Kisha kampuni ikaleta fomu. Abiria tutoe alama kama za shule, mbili ni kufeli, sita ni bora kabisa: usafi, starehe, kufika kwa wakati. Swali la mwisho liliuliza tunatarajia nini. Wewe ulidhani anayepewa alama ni Stamen, ukapita nyumba kwa nyumba na fimbo yako.

"We Zlatan, unamtia Stamen tatu?" ulimfokea jirani yetu. "Nani alikungoja siku ile uliposahau meno nyumbani?"

"Linavuja, mzee Vangel! Nilifika mjini kama nimetoka kuoga."

"Limevuja basi, hajavuja Stamen. Tia sita bwana, ana watoto yule."

Zlatan akacheka, akatia sita. Kijiji kizima kikatia sita.

Barua ya kampuni ilibandikwa kituoni Oktoba. Walitushukuru. Kijiji cha ng'ambo ya mto, waliotia mbili na matusi juu yake, walipewa basi jipya na safari za kila siku. Sisi tulioridhika tukabakiziwa Jumanne na Ijumaa. Stamen akahamishwa. Uliisoma barua ile mara mbili, ukavua kofia, ukarudi nyumbani. Tulikukasirikia, Vangel, tunakiri. Baadaye tukajikasirikia wenyewe.

Hospitali haikuwa na nafasi kwenye mashine siku nyingine. Zlatan alikupeleka kwa gari lake mpaka injini ikafa Januari. Binti yako Galina alipiga simu kutoka Zaragoza kwa kampuni, kwa halmashauri, kwa hospitali, na kila mmoja alimpa namba ya mwingine. Teksi zilikataa kupanda mlima wenye theluji. Ulikosa Jumatatu. Tulikaa nawe jikoni tukitazama miguu yako ikivimba, na hatukujua la kufanya. Jumatano ulivaa koti, ukakaa karibu na mlango.

"Labda atakuja," ukasema.

Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukuuliza ni nani. Gari la wagonjwa tuliloliita asubuhi lilifika jioni.

Kuna jambo Rumena hakukuambia. Mkono wako ulitetemeka, kwa hiyo fomu yako aliijaza yeye. Kwenye swali la mwisho ulimwambia, "Andika hatuhitaji kitu, tunashukuru." Alitaka kuandika kwamba mume wake anaishi kwa siku tatu za wiki, na basi ndilo linalomfikisha. Akaogopa utaudhika. Akaandika tunashukuru. Anakuomba msamaha kwa tangazo hili la kumbukumbu tulilobandika kwenye ukuta wa kituo, mbele ya watu, maana hajui pengine pa kukuomba.

Jumamosi tutakuletea kaburini ngano ya kuchemsha yenye sukari, na divai kidogo, kama ilivyo desturi yetu kwa marehemu.

Wanaokukumbuka ni mkeo Rumena. Binti yako Galina, mkweo Kiril na mjukuu wako Yavor, walio mbali. Jirani yako Zlatan. Na Stamen, aliyeomba mwenyewe jina lake liwemo.

Hutatutoka moyoni kamwe, Vangel, siku ya basi na siku isiyo na basi.