Mukono wa Kuume wa Nyota

Kalemie, siku ya tatu ya juma, asubuhi

Mama yangu mupendwa wa Zongwe,

Naomba karatasi hii ikukute umeamka vizuri na kiuno kimekuachilia kidogo. Papa bado anakohoa? Ile dawa niliyotuma anakunywa, ao ameificha chini ya muto kama kawaida yake? Baba Nyota yuko Moba na mizigo, atarudi juma lijalo. Mimi ni muzima. Tatizo ni mujukuu wako, na njo sababu ninakuandikia.

Unamujua Nyota. Ana miaka mitatu na nusu, na katika nyumba zote za parseli yetu hakuna mutoto wa umri wake anayemufikia kwa ufundi wa vidole. Sisemi hivi juu ni wangu, waulize majirani. Ninamumwagia maharagi kwenye sinia, anatoa mawe moja moja. Ninatoboa vifuniko vya chupa, anavitunga kwenye kamba. Nikisonga bukari ninamukatia kidonge, anakifinyanga ng'ombe mwenye pembe. Shati la kazi la baba yake anafunga vifungo vyote mupaka shingoni. Walimu wa maternele, shule ya watoto wadogo, wanafundisha hayo kwa kulipwa minervali. Mimi niliyekomea mwaka wa sita ninafundisha bure, tena vizuri kuwapita.

Lakini tangu homa iliyomupata mwezi uliopita, kila kitu anashika na kushoto. Nikazani ni kiburi. Siku moja alimupokeza jirani yetu Mama Georgette chumvi, yule mama akarudisha mukono wake nyuma.

"Mama Nyota, huyu fundi wako anapatia watu chakula na mukono wa chooni?"

Wanawake wote kwenye bomba la maji wakacheka. Mama, kwa vile nilivyojisifu pale, haya ilinikula.

Kesho yake nikamufunga mukono wa kushoto mugongoni na kipande cha kitenge, kama ulivyomufunga kaka yangu Leo tulipokuwa wadogo. Nikaweka sinia. "Okota, mama," nikamuambia, nikaenda kufua. Niliporudi, maharagi yalikuwa vile vile nilivyoyaacha. Mukono wa kuume ulikuwa umelala juu yake kama kitu cha mutu mwingine.

"Mama, mukono haunisikii."

Hakulia. Afadhali angelia.

Nikamupeleka kwa mama muganga wa dispensari ya kata, nikamueleza yote. Alimuambia Nyota amufinye kidole na mukono wa kuume, akangoja, akangoja tena. Halafu akaniuliza, "Mama, nani alikutuma kufunga mukono muzima? Huu wa kushoto njo unamusaidia mutoto." Akasema si tabia mbaya, ni kuume kumekosa nguvu. Niendelee na michezo yangu ya nyumbani, maharagi, bukari, vifungo, udongo, lakini mikono yote miwili iwe huru, na nisimukaripie. Siku ya tano ya juma hili nimupeleke kwa daktari, hospitali kubwa. "Lakini ukiona na muguu unavuta," akasema, "usingoje siku hiyo."

Basi kila asubuhi ninaweka sinia na kucheka naye, huku ninahesabu kwa macho mawe yale kuume kunayookota. Asubuhi ya kwanza yalikuwa sita. Jana mawili, na la pili lilianguka. Leo hata moja. Alikaa tu, anausukuma ule mukono kwa mwingine, kama unavyoamsha mutu aliyelala.

Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika, Nyota akapita kwenda kunywa maji. Sandali ya kuume ilibaki mulangoni. Nikamuita, "Nyota, kiatu chako." Akaangalia muguu wake, akaniangalia mimi. Hakujua kama ilitoka.

Sitangoja siku ya tano. Nimemutuma mutu aniitie pikipiki. Barua ninamupa Papa Anselme mwenye boti, anaondoka adhuhuri hii kuja kwenu.

Musalimie Papa, lakini umuambie polepole. Musalimie Bibi, mama yako, aniombee. Judithe mudogo wangu umuachie nyumba na kuku, na kaka Leo akusindikize mupaka kwenye boti. Njoo na Papa Anselme akirudi huku, Mama, usingoje nguo zikauke. Ukikuta mulango wetu umefungwa, usiulize majirani. Pita moja kwa moja hospitali.

Mimi mutoto wako,
Veronika, Mama Nyota