Niandikie Wewe Tu

Mjukuu wangu Anjela,

Marahaba, mama. Babu yako hajambo, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike.

Unasema rafiki yako anataka umwandikie tasnifu yake, na hujui umjibu nini. Miaka ya tisini, nilipokuwa nikihariri kazi za wasomi hapa nyumbani kwetu, mtaa wa Soweto, muuguzi mmoja aliyekuwa akisomea shahada, Neema, alilia sebuleni kwangu. Msimamizi wake wa chuo alikuwa amemrudishia tasnifu tena.

"Mama, niandikie wewe tu. Mimi nimeshindwa."

Nilimwonea huruma. Nikaziweka kando karatasi, nikammiminia chai.

"Nieleze kwa Kiswahili, kama unamweleza mama yako. Kwa nini wajawazito wa kule mlimani wanachelewa kufika hospitali?"

Alianza polepole, mara akasimama, akinionyesha kwa mikono makorongo na utelezi wa masika.

"Hayo ndiyo uandike," nikamwambia. "Kiingereza tutakinyoosha pamoja."

Akaandika mwenyewe. Siku ya kuitetea tasnifu, watahini walimbana kwa maswali, naye akajibu yote bila kufungua ukurasa. Alikuja kunisimulia huku akicheka kama mtoto.

Kula vizuri huko, mpenzi wangu.

Bibi yako