Mcheri Uliozikiwa Kitovu

Ilomba, Jumapili, Agosti 1956

Daftari, unisamehe. Tangu Tuse aanze kuota meno sijashika kalamu.

Mcheri ambao mume wangu aliuleta kutoka Mafinga, kabla mtoto hajazaliwa, umechanua. Ni rangi ya waridi mti mzima. Watu waliotoka kanisani walisimama kuutazama, nami nikakaa chini yake na mtoto, nikapumzika kidogo.

Kisha dereva wa lori akaleta jibu la mume wangu kutoka kazini kwake. Mama yake alikuwa amemwuliza mcheri utazaa matunda gani. Hauzai. Ni wa maua tu.

Mama mkwe akaenda kuchukua jembe. Kitovu cha Tuse alikuwa amekizika yeye mwenyewe chini ya mcheri. Kwao kitovu huwekwa chini ya mti unaozaa, ili mtoto naye aje azae.

"Mama Tuse, mjukuu wangu atakuwa pambo?"

"Mama, mti hauchimbwi."

"Basi nichimbe kitovu."

"Hata kitovu. Utamwamsha mtoto."

Mtoto alikuwa macho, anakula maua.

Tumepatana tupande mpichi, unaozaa, ubavuni mwa mcheri, mizizi ikutane huko chini. Nilisema kwa ukali, lakini nami naogopa. Tuse ndiye wangu wa kwanza, na kama mama anasema kweli…

Kesho lori linarudi na barua yangu. Baba Tuse alete mche wa pichi, wa mti uliokwisha kuzaa. Sabuni ya kufulia. Blanketi la mtoto. Na yeye mwenyewe, aje amweleze mama yake.